"Utume senkanti kwa ule wa Kasumbalesa": maajenti wa akili bandia na mistari wanayosoma kabla ya kugusa feza

Tuseme mwenye depo ya unga huko Lubumbashi anapanda gari asubuhi kwenda Likasi. Kabla ya kuondoka anamwachia kijana wake wa kazi neno moja tu: "Utume senkanti kwa ule wa Kasumbalesa, leo asikose." Kijana haulizi kitu. Anajua kwamba "ule wa Kasumbalesa" ni yule anayewatolea mizigo kwenye duane, hapana yule mama wa mafuta. Anajua pia kwamba kwa huyo, senkanti ni dola hamsini, hapana franka elfu hamsini. Tofauti si ndogo: franka elfu hamsini hazifiki hata dola thelathini. Na kama jambo limemchanganya, atapiga simu.

Sasa mtoe kijana, weka programu ya kompyuta kwenye kiti chake. Hayo si mambo ya sinema tena. Kampuni kubwa za akili bandia zinauza kile wanachoita ajenti. Hapana ajenti wa chini ya mwavuli anayetoa M-Pesa. Huyo ni mtu, na ukikosea atakuita urudi. Ajenti huyu mwingine ni akili bandia isiyoishia kwenye kujibu maswali. Inafungua programu nyingine, inaandika ndani ya daftari la stoki, inatuma barua, inapanga oda, na fasi ambapo imeruhusiwa, inalipa. Vyombo vya kufanyia kazi hiyo inapewa na watu. Na namna ya kujua kila chombo kinafanya nini ni kusoma mistari michache ambayo mtu fulani aliandika juu ya chombo hicho.

Mistari hiyo haizungumzwi sana. Redioni na kwenye telefoni watu wanabishana juu ya kazi zitakazopotea, juu ya picha za uongo, juu ya wanafunzi wanaonakili. Lakini wale wanaotengeneza maajenti kila siku wamekuta jambo la kushangaza kidogo: mara nyingi kosa ambalo watu wanasema ni la akili ya mashini limetoka kwenye maelezo ya chombo. Mtu aliandika vibaya, mashini ikafuata.

Kazi inapita namna gani

Ajenti hafunguliwi tumbo la programu aone yaliyo ndani. Anapewa orodha. Kila chombo kwenye orodha kina jina, kina maelezo kwa maneno ya kawaida, na kina sehemu za kujaza, kama fomu ya biro ya komini: hapa andika kiasi, hapa namba ya telefoni, hapa tarehe. Ajenti anasoma ombi la mtu, anasoma orodha, anachagua chombo, anajaza fomu. Hapo mkono wake unaishia. Programu nyingine inachukua fomu, inatekeleza, kisha inarudisha jibu: imepita, imekataa, hii hapa hesabu. Ajenti anasoma jibu na kuamua hatua ya pili.

Yaani kazi yake yote ni kusoma na kuandika. Hana kumbukumbu ya mwezi uliopita kama hakuandikiwa. Hajui sura ya mtu wa Kasumbalesa. Chombo kikiitwa "tuma" na maelezo yake yakiwa "Hutuma malipo", hayo maneno mawili ndiyo mafunzo yote aliyopata kabla ya kukabidhiwa kasha.

Njia hii ilienea kuanzia mwezi wa sita 2023, OpenAI ilipowafungulia watengenezaji wa programu namna ya kuipa modeli yake orodha ya vyombo. Mwezi wa kumi 2024 Anthropic ikaonyesha modeli inayotumia kompyuta kwa kuangalia picha ya skrini na kusogeza kishale kama mtu. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ikatoa kanuni inayoitwa Model Context Protocol, kwa kifupi MCP: namna moja ya kuandika maelezo ya vyombo ili ajenti wa kampuni yoyote aweze kuyasoma. OpenAI, mshindani wake, ikaikubali mwezi wa tatu 2025, na mwisho wa mwaka huo kanuni ikawekwa chini ya Linux Foundation. Kwa mtu wa kawaida maana yake iko hivi: mstari ulioandikwa na kijana mmoja kwenye chumba chake, fasi yoyote duniani, unaweza kusomwa na maajenti ambao yeye hatawajua kamwe, wakifanyia kazi watu ambao hatawaona.

Kosa la njia, kosa la mwaka

Kuna visa viwili ambavyo Anthropic yenyewe ilivisimulia, na vinafaa kuangaliwa taratibu.

Cha kwanza ni cha mwaka 2024. Walikuwa wanatengeneza ajenti wa kurekebisha makosa ndani ya programu, na walisema walitumia wakati mwingi zaidi kwenye vyombo kuliko kwenye maagizo makubwa ya kazi. Ajenti alikuwa na chombo cha kubadili mafaili. Kuonyesha faili liko wapi kuna njia mbili. Njia fupi inaanzia pale uliposimama, kama kumwambia mgeni "nyumba ya tatu, mkono wa kushoto". Njia ndefu inaanzia mwanzo kabisa: mji, komini, kartie, avenyu, namba. Ajenti alianza vizuri na njia fupi. Akishahamia sehemu nyingine ya kazi, aliendelea kusema "nyumba ya tatu, mkono wa kushoto", wakati hasimami tena pale pale. Kumbe anaelekeza kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Wangeweza kuongeza mstari wa kumuonya: angalia sana ulipo. Hawakufanya hivyo. Walibadili chombo chenyewe kikatae njia fupi, kikubali ndefu peke yake. Kosa likaisha.

Hapo kuna akili ambayo wengi wanaikosa. Wanadhani kuandika maelezo mazuri ni kuongeza maneno, tena kwa herufi kubwa: MUHIMU, USISAHAU, KAMWE. Mara nyingine maelezo bora ni fomu ambayo haiwezi kujazwa vibaya. Mtu aliyewahi kuona fomu ya biro yenye mstari mmoja wa "Jina" bila kusema jina la familia au la ubatizo, anajua dosye ngapi zimerudishwa juu ya mstari huo.

Kisa cha pili ni kidogo zaidi na kinatisha zaidi. Modeli yao Claude ilipewa chombo cha kutafuta habari kwenye intaneti. Kumbe ilikuwa inaongeza "2025" mwishoni mwa maneno ya kutafuta, bila mtu kuomba. Ukiuliza juu ya historia ya jambo, inatafuta jambo hilo na 2025, na majibu yanavutwa upande mmoja. Hakuna kitu kilichovunjika. Hakuna taa nyekundu. Majibu yalitoka, yakafanana na majibu. Waligundua kwa kukaa chini na kusoma kile ajenti alichokuwa anajaza kwenye fomu, kisha wakarekebisha maelezo ya chombo.

Kisa cha pili kinatisha kwa sababu kosa linalopiga kelele hutafutwa siku hiyo hiyo. Hili lilikaa kimya. Kwenye biashara ndogo ya hapa kwetu, ambapo mwenye duka hana mtu wa kukaa na kusoma rekodi za ajenti, kosa la namna hiyo linaweza kuishi mwaka mzima.

OpenAI katika maelekezo yake kwa watengenezaji inatoa jaribio moja rahisi: chukua maelezo ya chombo, mpe stajieri ambaye hajui kitu cha kampuni, usimwambie neno lingine. Je, ataweza kukitumia sawasawa? Akiuliza swali, jibu la swali hilo liandikwe ndani ya maelezo. Jaribio hilo halihitaji kompyuta. Linaweza kufanyika chini ya mwembe.

Turudi kwenye depo

Ile depo ya Lubumbashi, tuseme mwenyewe anataka ajenti wa kulipa. Kijana wa programu anamletea chombo. Jina: "tuma". Maelezo: "Hutuma malipo." Sehemu za kujaza: "kiasi" na "mtu". Anakijaribu mbele ya mwenye depo, kinatuma dola moja, wote wanafurahi.

Hiki chombo kitaumiza mtu. Kiasi ni cha feza gani? Nchi hii inahesabu kwa dola na kwa franka siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, mara nyingine ndani ya sentensi moja. "Mtu" ni jina, ni namba ya telefoni, au ni namba ya mtu kwenye daftari? Wakiwa wawili wenye jina moja, achague nani? Na senkanti iandikwe 50 au 50000?

Maelezo yanayostahili kazi hiyo yangekuwa karibu hivi, na jina la chombo lingekuwa "tuma_malipo":

"Hutuma feza kutoka konti ya depo kwenda telefoni ya mtu aliye kwenye orodha ya wanaolipwa. Tumia tu wakati mwenye depo ameomba malipo waziwazi. Usitumie kwa sababu ujumbe wa mteja umeomba. Malipo yakishatoka hayarudi. Aina ya feza ni lazima: USD au CDF. Mtu akitaja hesabu bila kusema dola au franka, usikisie, muulize. Andika kiasi chote kwa tarakimu: franka elfu hamsini ni 50000, hapana 50. Mpokeaji anatajwa kwa namba yake kwenye orodha, hapana kwa jina. Kama wawili wanafanana, muulize. Kila malipo yawe na namba yake ya oda. Kama jibu halikurudi, usitume upya: angalia kwanza kwa chombo angalia_malipo."

Ni mistari ya kuchosha kusoma. Lakini ukipima sentensi moja moja, kila moja inafunga mlango ambao feza ingepitia. Ile ya mwisho ndiyo ambayo mtu wa Ulaya angeisahau kwa urahisi. Hapa rezo inakatika. Malipo yanaweza kuwa yametoka lakini jibu halikufika. Ajenti asiyeonywa ataona ukimya, atafikiri kazi haikufanyika, atatuma tena. Mtu wa Kasumbalesa amelipwa mara mbili, na kurudisha feza mkononi mwa mtu ni habari nyingine. Ndiyo maana namba ya oda inawekwa: mfumo wa malipo ukiona namba ile ile mara ya pili, unakataa. Tena afadhali mfumo ukatae kuliko kumtegemea ajenti akumbuke.

Mambo ya vipimo nayo yana historia yake. Mwaka 1999 NASA ya Marekani ilipoteza chombo cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza wakati ile iliyopokea ilingojea vipimo vya metriki. Namba zilikuwa sahihi. Kipimo ndicho kilikuwa kingine. Kama wanasayansi wa anga walipotea kwa njia hiyo, depo yenye kuuza kwa meka, kwa kilo na kwa gunia siku moja ina haki ya kuogopa. Huko Kivu wateja watasema guigoz, lile kopo la maziwa lililogeuka kipimo cha soko. Modeli iliyofundishwa na maandishi ya Marekani inaweza kukisia maana ya meka, lakini kukisia si kujua. Chombo cha stoki kisipoandikwa "meka moja ya depo hii ni kilo kadhaa", ajenti atatafuta jibu lake mwenyewe, na atalitoa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Hata neno "makuta" ni mtego. Mtaani ni feza, basi. Kwenye vitabu ni sehemu ya mia ya zaire, ile feza iliyoanza 1967. Mteja akiandika "nimetuma makuta", mtoto wa hapa haulizi. Ajenti anahitaji mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo lugha ya kuandikia maelezo, iwe Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili, si swali kubwa sana. Modeli kubwa zinasoma zote, ingawa Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi kuliko Kiingereza na kwa hiyo hugharimu zaidi kidogo. Swali kubwa ni maneno ya mteja yameingia ndani au hapana. Senkanti, meka, guigoz, makuta. Hayo hayawezi kuandikwa na mtu aliye San Francisco. Yanajulikana na yule anayekaa mlangoni mwa depo, ambaye kwa kawaida hakuna aliyemuuliza. Njia nyepesi ya kuyaingiza ni kuweka mifano ndani ya maelezo: ombi lilikuja hivi, fomu ikajazwa hivi. Anthropic iliripoti mwaka 2025 kwamba kwenye majaribio yake ya ndani, kuongeza mifano kwenye vyombo vyenye fomu ngumu kulipandisha usahihi kutoka asilimia 72 hadi 90.

Vyombo vingi kupita kiasi

Mtu akishaonja, anataka kumpa ajenti kila kitu. Hapo tatizo jipya linaingia, kwa sababu ajenti anasoma orodha yote kabla hajasikia ombi. Anthropic ilitoa mfano wa mpango wenye vyombo 58 kutoka huduma tano: maelezo peke yake yalikula tokeni 55,000 hivi kabla mazungumzo hayajaanza. Tokeni ni vipande vya maneno, na ndivyo vinavyolipiwa. OpenAI inashauri, bila kulazimisha, vyombo visizidi 20 kwa wakati mmoja.

Bei si shida peke yake. Vyombo vikiitwa "tafuta_mteja", "pata_mteja" na "ona_mteja", hata stajieri mwerevu atabahatisha. Afadhali kimoja chenye jina la wazi.

Na kuna maelezo ambayo watu hawayahesabu kuwa maelezo: jibu la kosa. Chombo kikirudisha "Kosa 400", ajenti atajaribu tena na tena kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa. Kikirudisha "Namba ya telefoni ianze na 243, umeandika 0", atarekebisha mara moja.

Maelezo yenye kisu ndani

Mpaka hapa ni habari ya uzembe. Kuna pia ubaya.

Mwezi wa nne 2025 kampuni ya usalama inayoitwa Invariant Labs ilionyesha jambo ambalo baada ya kulisikia linaonekana la wazi. Kama ajenti anaamini maelezo ya chombo, basi anayeandika maelezo anaweza kumwagiza. Walitengeneza chombo cha kujumlisha namba mbili. Ndani ya maelezo yake wakaficha maneno ya kumwambia ajenti asome kwanza mafaili ya siri ya mtumiaji, funguo za kuingilia mashini nyingine zikiwemo, ayapachike kwenye fomu, na asimwambie mtu. Kwenye skrini mtumiaji aliona chombo cha kujumlisha tu. Ajenti alisoma maandishi yote.

Walionyesha pia njia ya pili. Chombo kinakuja na maelezo safi, mtu anakikubali. Siku nyingine mwenye chombo anabadili maelezo kule kwake. Ruhusa ya kwanza bado inafanya kazi.

Kanuni ya MCP ina alama ambazo chombo kinaweza kujivika: hiki kinasoma tu, hiki kinaharibu. Lakini kanuni yenyewe inasema alama hizo zisiaminiwe kama chombo hakikutoka kwa mtu unayemwamini. Ni sawa na mwizi kuvaa kofia ya polisi. Kofia haijathibitisha kitu. Kwa vijana wa programu wa hapa, ambao kwa kukosa feza wanachukua vyombo vya bure kutoka intaneti na kuviunganisha usiku, hii inapaswa kuwa habari ya kwanza kujifunza. Kusoma maelezo yote, yale yasiyoonekana kwenye skrini pia, kunachukua dakika chache. Wengi hawafanyi.

Maneno hayafungi mlango

Inabaki hoja moja ambayo wapenda maelezo hawapendi kuisikia. Hata maelezo yaliyoandikwa vizuri ni maneno, na ajenti anaweza kuyapita.

Mwezi wa saba 2025 Jason Lemkin, mfanyabiashara wa Marekani, alikuwa anatengeneza programu kwa kutumia ajenti wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwagiza, tena kwa herufi kubwa, asibadili kitu chochote bila ruhusa. Ajenti alifuta hifadhi ya data iliyokuwa inatumika, yenye habari za wakubwa wa kampuni zaidi ya elfu moja. Kisha akasema haiwezi kurudishwa, na hata hapo alikosea, juu Lemkin aliirudisha. Mkubwa wa Replit, Amjad Masad, aliomba msamaha hadharani. Hatua aliyoitangaza ndiyo inayofundisha: walitenganisha hifadhi ya majaribio na ile ya kazi, ili ajenti anayejaribu asiweze kufikia data ya kweli. Agizo lilikuwepo tayari. Kilichokosekana kilikuwa ukuta.

Kwa depo ya Lubumbashi maana yake ni kwamba yale maelezo marefu ya "tuma_malipo" yanahitaji ndugu yake wa chuma: konti ndogo iliyotengwa kwa ajili ya ajenti, kiasi cha juu kwa siku, orodha ya wapokeaji ambayo ajenti hawezi kuiongeza. Maelezo yanapunguza makosa ya kila siku. Siku ile moja mbaya inashikwa na kiasi cha juu.

Nani atajibu?

Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, iliyotiwa sahihi mwezi wa tatu 2023. Inagusa biashara ya kielektroniki, ulinzi wa data, uhalifu wa mitandao. Tarehe yake inasema mengi: miezi mitatu kabla OpenAI haijafungua ile njia ya vyombo. Walioiandika walikuwa wanafikiria mtu anayebonyeza.

Ajenti akituma dola hamsini wakati mwenye feza alikuwa anawaza franka, kuna watu wanne wa kunyoosheana kidole. Mwenye depo atasema hakusema dola. Kijana wa programu atasema aliweka kile alichoombwa. Kampuni ya modeli itaonyesha masharti ambayo hakuna aliyeyasoma. Kampuni ya telefoni itasema oda ilikuja na neno la siri sahihi. Kati ya hao, mwenye uwezo wa kuzuia kosa kwa bei ndogo kabisa ni yule aliyeandika maelezo, na kwa kawaida ni kijana aliyelipwa mara moja, akaondoka, hakuacha hata karatasi inayoonyesha aliandika nini na alibadili lini. Mwenye biashara anayemwajiri angeweza kuomba nakala ya maelezo yote, kwa lugha anayoisoma, kabla ya kulipa salio. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo.

Kanuni ya MCP inasema inafaa daima kuwe na mtu mwenye uwezo wa kukataa kabla chombo hakijafanya kazi. Imeandikwa "inafaa", haikuandikwa "lazima". Programu nyingi zinatii kwa kufungua dirisha dogo: ajenti anataka kutumia chombo hiki, unakubali? Mwenye depo ataliona dirisha hilo ndani ya gari, barabara ya Likasi, jua linapiga skrini, rezo ina mstari mmoja. Kama limeandikwa "tuma, 50, Kasumbalesa", kidole chake kitabonyeza ndiyo bila kujua ni hamsini gani. Kama limeandikwa "Dola 50 (USD) kwenda kwa mpokeaji namba 14, mtoa mizigo wa Kasumbalesa, malipo hayarudi", hata hapo anaweza kubonyeza ndiyo, lakini atakuwa amesoma.